Dawa ya jino ni kung'oa, lakini shimo je?

"Dawa ya jino ni kung'oa." Msemo huu tunautumia zaidi kwa mambo yasiyohusu kinywa: mfanyakazi mwizi, uchumba uliooza, mwenyekiti asiyeambilika. Tunamaanisha kwamba kuna tatizo lisilobembelezwa. Kwa mambo ya ofisini huenda ni ushauri mzuri. Kwa jino lenyewe msemo una kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapeleka watu zahanati usiku wa manane, wamejifunga kanga kichwani, shavu limeumuka kama andazi.

Mwaka jana niling'olewa gego la chini, upande wa kushoto. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Nilichokiogopa, ile dakika ya koleo, kilikuwa kifupi kuliko foleni ya kukata kadi. Ambacho sikukiogopa hata chembe, lile shimo lililobaki, ndicho kilichonikesha usiku wa siku ya tatu nikizunguka sebuleni kama mlinzi. Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuwasumbua matabibu wa meno kwa maswali, na nimeona kwamba mengi tunayoambiana kuhusu jambo hili yamekaa kichwa chini, miguu juu.

Jino halivutwi

Tuanze na neno. Kung'oa tumekuzoea kwenye muhogo: unashika shina, unavuta, mzizi unakuja na udongo wake. Hiyo ndiyo picha tunayoingia nayo kwenye chumba cha daktari, na ndiyo maana tunakaza shingo tukisubiri kuvutwa.

Lakini mzizi wa jino haujagandamana na mfupa wa taya. Kati yao kuna utando wa nyuzi, upana wake kama sehemu ya tano ya milimita, na jino limening'inia humo kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Ukitafuna wali ukakutana na kijiwe, unakisikia papo hapo. Ganda la nje la jino halina hisia yoyote. Anayekupa taarifa ni zile nyuzi.

Sasa mkumbuke aliyewahi kuchunga mbuzi. Kigingi kilichokaa ardhini wiki nzima hakitoki kwa kuvutwa juu. Unakisukuma huku, unakisukuma kule, tundu linapanuka, mwishowe kinatoka kwa vidole viwili. Daktari wa meno anafanya hivyo hivyo. Kwanza anautenga ufizi na shingo ya jino. Kisha anachomeka kifaa bapa, mfano wa bisibisi ndogo, kati ya jino na mfupa, anakizungusha taratibu, na nyuzi zinaanza kukatika. Koleo huja baadaye, na kazi yake ya kwanza ni kusukuma kwenda ndani, kuelekea mzizini. Halafu upande wa shavu, upande wa ulimi, shavu, ulimi, kila mara akingoja kidogo ili mfupa utanuke. Mfupa huo una vitundu ndani kama sponji, unakubali kubonyea. Mvuto wenyewe huja mwisho kabisa, nao ni mdogo.

Kila jino lina mkono wake. Jino la mbele la juu lina mzizi mmoja wa mviringo, kwa hiyo huzungushwa kama skrubu. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, la juu mitatu iliyotanuka kama miguu ya kigoda. Hayo ukiyazungusha kwa nguvu, mzizi unavunjikia ndani. Hata makoleo yanatofautiana: la magego ya juu lipo la kulia na la kushoto, kwa sababu upande mmoja wa mdomo wake una ncha ya kuingia katikati ya mizizi miwili iliyo upande wa shavu. Mimi niliona sinia lenye makoleo saba nikadhani yote ni ya kwangu.

Ndiyo maana pia daktari akikuambia kwamba atalikata jino vipande viwili ili atoe mzizi mmoja baada ya mwingine, usidhani ameshindwa kazi. Kigoda kikikwama mlangoni, fundi mwenye akili hukata miguu, habomoi fremu.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni sauti. Jino likianza kuachia hutoa mlio unaopitia mfupani moja kwa moja hadi sikioni, kama mtu anavunja muwa ndani ya fuvu lako. Mke wangu alikuwa kwenye benchi nje, hatua nne tu kutoka mlangoni. Hakusikia kitu.

"Unasikia kuuma, au kusukumwa?"

Daktari aliyenihudumia alikuwa dada mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Kaka, ukisikia maumivu, nyoosha mkono wa kushoto."

Akagusa. Nikanyoosha mkono.

"Pole. Unasikia kuuma, au unasikia kusukumwa?"

Nikafikiri. Kwa kweli nilikuwa nasukumwa.

"Hiyo ganzi haiiondoi, kaka. Tuendelee?"

Swali lile lingestahili kubandikwa ukutani kwenye kila chumba cha meno, kwa sababu Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza: "nasikia" inabeba kuuma, kuguswa na kugandamizwa vyote kwa pamoja. Mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ni myembamba na hulala mapema ikipata dawa. Inayopeleka habari ya mgandamizo ni minene na hubaki macho. Kwa hiyo mtu aliyechomwa ganzi vizuri kabisa bado atahisi taya likisukumwa, na asipoelezwa atapiga kelele kwa haki yake yote.

Sindano yenyewe haichomwi sawasawa juu na chini. Taya la juu lina mfupa mwembamba wenye vitundu, dawa ikiwekwa kando ya jino inapenya hadi mzizini. Taya la chini kwenye magego ni nene, dawa haipenyi. Hapo daktari huufuata mshipa wenyewe nyuma kabisa, karibu na bawaba ya taya, kabla haujaingia ndani ya mfupa. Ndiyo sababu ya kung'olewa gego moja la chini ukatoka na nusu ya mdomo na nusu ya ulimi vimekufa kwa saa mbili hadi nne. Usile katika muda huo. Mtoto hasa achungwe, maana atautafuna mdomo wake mwenyewe akidhani ni mchezo.

Dawa inayotumika sana ni lignokaini, iliyoundwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ibane na dawa isichukuliwe haraka. Adrenalini hiyo hiyo huweza kuufanya moyo ukimbie kwa dakika moja mbili. Watu wengi wanaosema "mimi nina mzio na ganzi" walipata hilo, au walizimia kwa woga na njaa. Mzio wa kweli wa lignokaini upo, lakini ni nadra sana. Na kuhusu njaa: kama hutalazwa usingizi kabisa, kula kabla ya kwenda. Wanaojifungisha kana kwamba wanakwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa ndio wanaoanguka kwenye korido.

Kwa njia, deni la ulimwengu kwa meno ni kubwa kuliko tunavyokiri. Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alikaa mwenyewe kwenye kiti, akavuta gesi inayochekesha, na mwenzake akamng'oa gego. Mwaka 1846 daktari mwingine wa meno, William Morton, alimng'oa mtu jino kwa kutumia etha, na wiki chache baadaye akaionyesha mbele ya wapasuaji wa Boston. Upasuaji wote usio na maumivu, wa tumbo, wa uzazi, wa goti, unapita kwenye mlango huo wa jino bovu.

Jino lililovimba "haling'olewi"

Hapa ndipo penye fundo gumu kuliko yote, na panahitaji kufunguliwa taratibu.

Ndani ya jino kuna chumba chenye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu; tukiite kiini. Jino linapotoboka, mwanzoni maji baridi au soda husababisha mchomo wa sekunde kadhaa kisha hutulia. Hapo kiini kimekasirika lakini ki hai, na jino likizibwa linapona. Hatua ya pili maumivu huja yenyewe, hudumu, hupiga kama ngoma, na huzidi ukilala kwa sababu damu nyingi inapanda kichwani na kiini kimefungwa ndani ya chumba kisichotanuka. Hapo kiini kimeshaelekea kufa.

Halafu kuna hatua ya tatu, ambayo ni ya hadaa. Maumivu yanakata. Mtu anafurahi, anawaambia wenzake kwamba yale majani ya jirani yamefanya kazi. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na maiti haipigi kelele. Bakteria sasa wamekaa ndani ya chumba kisicho na damu, wakishuka taratibu hadi nchani mwa mzizi, na siku moja shavu linaamka limevimba.

Mtu huyo anakwenda duka la dawa. Anapewa amoksilini, pengine na metronidazoli, anameza siku tatu, uvimbe unashuka, anaacha dozi. Baada ya mwezi au miezi unarudi. Kwa nini? Dawa husafiri ndani ya damu. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Antibayotiki huwapiga bakteria waliotoka nje kwenye nyama ya shavu, lakini haiwafikii walio ndani ya ngome. Ni kama kufukuza panya uwani huku ghala lao halijaguswa.

Sasa ile kauli: jino lililovimba haling'olewi mpaka uvimbe ushuke. Ina asili yake. Kwenye uvimbe mazingira huwa na tindikali, na ganzi ikiwekwa kwenye tindikali hushindwa kupenya ukuta wa mshipa wa fahamu. Mtu aliyewahi kung'olewa katika hali hiyo hakusahau, akawasimulia wajukuu. Tena wakati mwingine mdomo haufunguki vya kutosha hata kuingiza kioo. Hapo daktari huweza kweli kukupa dawa kwanza na kukupangia siku. Lakini uvimbe peke yake si kizuizi. Kuondoa chanzo, yaani kung'oa jino, kusafisha mzizi, au walau kupasua jipu usaha utoke, ndiyo tiba. Daktari akiweza kupata ganzi mbali na uvimbe, kungoja hakumsaidii mgonjwa.

Kusubiri kuna ukomo ambao ningependa kila nyumba iujue. Uvimbe ukihamia chini ya kidevu pande zote mbili, sakafu ya mdomo ikawa ngumu, ulimi ukainuka, mate yakawa hayamezeki, sauti ikawa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, hapo habari ya duka la dawa imekwisha. Mjerumani Wilhelm von Ludwig aliuelezea ugonjwa huo mwaka 1836, na jina lake ungali nalo. Unaua kwa kuziba njia ya hewa, na unaweza kuua kwa saa, si kwa wiki. Ni hospitali kubwa, usiku huo huo.

Ni lazima kung'oa?

Mara nyingi si lazima, ukiwahi. Jino lenye tundu dogo huzibwa. Jino lenye kiini kilichokufa huweza kusafishwa mizizi na kuzibwa, kazi ya kuja mara moja hadi tatu, yenye gharama ambayo ndiyo inayowafanya wengi waseme "daktari, wewe litoe tu". Siwalaumu. Ukipima nauli, siku ya kazi iliyopotea na bei ya kusafisha mzizi, kung'oa kunaonekana kama punguzo. Bei ya pengo huja baadaye, kwa awamu.

Ila kuna jambo Watanzania wachache wanalijua, nalo linafaa kuringiwa. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno Dar es Salaam walianza kujaribu njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutoboa: unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha unajaza saruji maalumu ya meno inayoshikamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe njia hiyo, na mwaka 2021 saruji hiyo ikaingia kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Yaani mtoto wa kijijini asiye na umeme anaweza kuzibwa jino chini ya mwembe. Kinachokosekana si teknolojia.

Kuna na meno yanayohukumiwa kwa rangi tu. Ukiwa Arusha au pande za Meru utaona watu wenye meno ya kahawia yenye mistari. Hayo yametiwa rangi na floridi nyingi ya maji ya bonde la ufa wakati yakikua. Mengi ni mazima na hayana sababu ya kung'olewa.

Na kuna ung'oaji ambao ni hatari tupu: "meno ya nailoni". Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, mtu anamfungua mdomo, anaona fizi zimevimba vijinundu vyeupe mahali pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomuua. Kisha vinachimbuliwa kwa msumari, kisu au spoku ya baiskeli. Vijinundu hivyo ni chonge zenyewe, changa, laini, bado hazijakauka. Kinachomuua mtoto ni kuharisha na kukauka maji, na baada ya kuchimbwa anaongezewa damu kumwagika na pepopunda. Akipona, chonge za utu uzima mara nyingi huota zimeharibika. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya.

Shimo

Nilitoka kwenye kile chumba nikiwa nimeuma kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, nimepewa karatasi ya maelekezo niliyoikunja mfukoni bila kuisoma. Mama mdogo akapiga simu jioni.

"Mwanangu, pole. Sukutua na maji ya chumvi ya moto, tena kwa nguvu, uchafu wote utoke."

"Nimeshang'olewa, Mama mdogo."

"Ndiyo maana nakuambia. Sukutua!"

Mkubwa akisema, unatii. Nikasukutua kama mtu anayesuuza dumu. Nikatema, nikaona kibonge cheusi kimetoka, nikafurahi kwamba uchafu umetoka.

Kile kibonge ndicho kilikuwa dawa. Jino likitoka, shimo hujaa damu, na damu huganda ndani ya dakika chache. Donge hilo ni kama zege la kwanza la msingi: linaufunika mfupa, linalinda ncha za mishipa ya fahamu, na ndani yake mishipa mipya ya damu huanza kupenya. Baada ya wiki hivi nyama laini imejaa, baada ya wiki tatu au nne ufizi umefunga juu, na mfupa wenyewe huchukua miezi kadhaa kujaa chini kwa chini. Donge likitoka mapema, mfupa unabaki uchi, unaguswa na mate, chakula na hewa.

Maumivu yake yana saa yake. Siku ya kwanza na ya pili unaendelea vizuri, unawaambia watu kumbe si kitu. Siku ya tatu, badala ya kupungua, yanapanda, yanaelekea sikioni, na mdomo unatoa harufu ambayo hata wewe unaisikia. Hutokea kwa mtu mmoja hadi watano katika kila 100 wanaong'olewa jino la kawaida, na huwapata wengi zaidi kwenye magego ya mwisho ya chini. Wavutaji sigara wako mstari wa mbele, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango nao hatari yao ni kubwa kuliko wengine.

Nikarudi. Yule dada hakunigombeza, alitabasamu tu kwa namna iliyonitosha. Akaosha shimo kwa maji ya chumvi safi, hakuandika antibayotiki yoyote kwa sababu tatizo lilikuwa mfupa ulio wazi, si bakteria wanaosambaa. Akafungua kichupa na harufu ikajaa chumba. Harufu ya pilau, ya sikukuu, ya bandari ya Wete wakati wa mavuno. Karafuu. Dawa inayofunikwa kwenye shimo la namna hiyo ina yujenoli, mafuta yanayotoka kwenye karafuu, ambayo hutuliza mshipa wa fahamu. Baada ya dakika kumi nililala pale pale kwenye kiti. Bibi zetu waliokuwa wakituwekea karafuu kwenye jino bovu hawakuwa wakibahatisha, ingawa karafuu haizibi tundu. Lakini wale wanaoponda aspirini na kuiweka kwenye ufizi waache: inauchoma ufizi unakuwa mweupe kama umeunguzwa, na jino linauma vile vile.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya kama ningeisoma ile karatasi. Uma gozi kwa nusu saa hadi saa nzima bila kuchungulia kila dakika. Usiteme; meza mate, hata kama yana rangi ya waridi, kwani tone moja la damu hupaka mate mengi na kukutisha bure. Saa 24 za kwanza usisukutue, usitumie mrija, usivute sigara, usinywe pombe wala chai ya moto. Lala kichwa kikiwa juu. Mtori uliopoa, uji wa vuguvugu, viazi vilivyopondwa, vyote upande wa pili. Damu ikianza tena, uma gozi safi au kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa, maana chai ina kitu kinachosaidia damu kuganda. Ikipita saa moja bado inachuruzika, rudi. Chumvi ya Mama mdogo si mbaya, ilikuwa tu imewahi: kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, unainamisha kichwa huku na kule, unaachia yamwagike. Kwa maumivu, parasetamoli pamoja na ibuprofeni hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake, isipokuwa kwa wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito, ambao ibuprofeni si yao.

Kama ni gego la juu, kuna jambo la ziada. Mizizi yake hukaribiana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, na mara chache shimo hutobokea humo. Dalili yake inashangaza: unakunywa maji, yanatokea puani. Usipenge kamasi kwa nguvu, mrudie daktari. Tundu dogo hujifunga, kubwa hushonwa.

Na kabla ya yote hayo, sema ukweli wako wote kwenye kiti. Unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi? Usiiache mwenyewe, daktari atapima damu na wengi hung'olewa bila kuiacha. Selimundu, kisukari, tatizo la vali ya moyo, dawa za kuimarisha mifupa, mionzi ya saratani ya kichwa au shingo: hasa hii ya mwisho, maana mfupa uliopigwa mionzi huweza kukataa kupona kabisa.

Macho, na yale meno sita

Wapo wanaoamini kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha. Mshipa unaohudumia meno ni mshipa mkubwa wa uso wenye matawi matatu, na tawi moja hupita karibu na jicho, ndiyo maana jino la juu likiuma jicho nalo husikia. Lakini kuona kunategemea mshipa mwingine kabisa, unaotoka nyuma ya mboni kwenda kwenye ubongo. Koleo haliufikii.

Kama kung'oa meno kungeharibu kichwa, Wajaluo wangekuwa wamekwisha. Kwa vizazi vingi waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya chini kama alama ya kuingia utu uzima, na Wamaasai mawili ya kati. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu akipatwa na pepopunda, taya likifunga, atanyweshwa uji au maziwa kupitia pengo.

Pengo

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba meno hayakai mahali pake kwa adabu, yanazuiana. Ukitoa moja, jirani huanza kuegama kwenye nafasi kama abiria wa daladala, na la upande wa pili, lililokuwa likikutana nalo, huanza kushuka polepole likitafuta mwenzake. Mfupa nao, ukikosa mzizi wa kuushughulisha, hupungua: ndani ya mwaka mmoja upana wa ukingo wa taya hupungua takriban nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi ya mwanzo. Kwa gego la mwisho kabisa pengo halina madhara ya maana, ndiyo maana likikwama na kuuma mara kwa mara hung'olewa bila majuto. (Likiwa limetulia na halisumbui, Uingereza tangu mwaka 2000 imewaelekeza madaktari wake waliache.) Kwa gego la kati, mambo ni tofauti.

Baada ya miezi mitatu yule dada alinionyesha kwa kioo. "Unaona hili la juu, kaka? Limeanza kuchungulia." Akanipa njia tatu: jino bandia la kuvaa na kuvua, daraja, linalobebwa na majirani wawili waliochongwa, au skrubu ya titani inayopandwa mfupani, teknolojia iliyoanza kwa binadamu Uswidi mwaka 1965 na ambayo bei yake ilinifanya nikohoe.

Nimechukua la kuvaa na kuvua. Usiku naliweka kwenye kikombe cha maji juu ya kabati, na binti yangu, ambaye bado anarusha meno yake juu ya bati akisubiri mapya, huchungulia kila asubuhi kama limeota mzizi.